Ukurasa wa Sitini na Moja

Daejeon, 4 Desemba

Mdogo wangu Dasol,

Nimefika salama, na ndoo ya kimchi nayo imefika, ingawa kwa harufu yake ya kabichi na pilipili abiria wa pembeni yangu alihama kiti kabla basi halijatoka Naju. Mwambie Mama wenzangu wa maabara wameshakula nusu kwa kisingizio cha kuionja.

Nina ombi. Kuanzia leo niandikie barua za kweli, kwa mkono, kwenye karatasi. Kwenye simu kila nikikuuliza mguu unaendeleaje unanijibu "uko sawa," halafu unanitumia picha ya paka anayecheka. Sitaki paka. Nataka kujua ukiuvaa asubuhi unahisi nini, shuleni wanasemaje, ni siku gani unauacha kabatini na kwa nini.

Unajua ninachosomea. Shahada yangu ya uzamili ni ya sayansi na teknolojia ya utengamao, na kutwa nzima nashinda na vikombe vya miguu ya bandia, pale kigutu kinapoingia, nikibandika vihisio vya kupima mahali kikombe kinapobana ngozi. Lakini wewe sikuulizi kwa ajili ya masomo. Nakuuliza kwa sababu mimi ni dada yako na niko mbali.

Andika lolote. Atakayesoma ni mimi peke yangu.

Dada yako,
Miryeong

---

Naju, 16 Desemba

Dada Miryeong mpendwa,

Mwalimu Tak anasema barua nzuri huanza na hali ya hewa. Basi: theluji imeanguka tangu juzi, na miti ya mapeasi imesimama kama watu waliovaa soksi nyeupe.

Nimefurahi uliponiomba barua. Nimenunua karatasi za mistari na kalamu mpya. Nitajitahidi kusema kweli, kwa sababu umesema unataka kweli.

Asubuhi mguu huwa baridi kama sufuria iliyolala nje. Naupasha kwanza kwenye sakafu ya chumbani inayopashwa moto kwa chini, halafu navaa soksi mbili, halafu kikombe. Kigutu changu huvimba jioni, kwa hiyo asubuhi kikombe ni kikubwa na jioni ni kidogo. Wakati wa michezo shuleni mimi hulinda saa na funguo za wenzangu. Nimekuwa benki. Juzi Garam alinikabidhi saa yake akaniambia, "Wewe ndiye mtu pekee darasani asiyeweza kukimbia nayo." Wote tulicheka, na mimi nilicheka kweli, ila nyumbani nikakumbuka tena.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Kikombe kikikaa vibaya hutoa mlio kama wa kufungua kopo la soda. Baba akiusikia hutoka nje, hata kama wali uko mezani. Kwa hiyo Jumapili, siku anayoshinda nyumbani, nauacha mguu kabatini na kutumia magongo. Mama anasema mimi ni mvivu. Si uvivu.

Jana usiku niliota nakimbia katikati ya miti, mguu ukilia kopo, kopo, kopo. Mama anasema nilicheka usingizini.

Mdogo wako,
Dasol

---

Daejeon, 8 Aprili

Mdogo wangu,

Barua zako kumi na moja nimezipanga kwenye boksi la viatu. Ya majuzi niliisoma nikiwa nimesimama jikoni, maji ya tambi yakakauka.

Sasa nikuulize jambo ambalo hatujawahi kuliongea. Siku ile ya ajali mimi nilikuwa bwenini Gwangju. Nilichoambiwa ni kile ambacho wote wameambiwa: kwamba uliruka kutoka kwenye tela kabla trekta yetu ndogo, pawatila, haijasimama. Ulikuwa na miaka tisa. Unakumbuka nini wewe mwenyewe? Kama hutaki, usiandike. Ila kama kuna kitu unakibeba, nipe nikusaidie kukibeba.

Kwenu maua yamechanua? Huku kuna lami tu.

Miryeong

---

Naju, 21 Aprili

Dada Miryeong,

Maua yamechanua yote kwa mkupuo, na wiki hii tunayapaka chavua kwa vijiti vya manyoya, ua moja baada ya jingine. Mimi napaka matawi ya chini. Baba yuko juu ya ngazi. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kreti, na namwona miguu tu.

Nimeisoma barua yako kwa siku nyingi. Nitakuambia, kwa sababu umesema nikupe.

Sikuruka. Nilikuwa nimeshashuka. Kreti ilikuwa imeanguka nyuma ya tela na mapeasi yametawanyika, nikawa nayaokota. Baba akarudisha pawatila nyuma. Alikuwa anasikiliza mechi ya besiboli kwenye redio ndogo. Niliita mara tatu. Hakugeuka.

Hospitalini nilipoamka Baba alikuwa amekaa kwenye benchi la ukutani. Uso wake ulikuwa kama nyumba ambayo watu wamehama. Daktari akaniuliza, "Ilikuwaje, binti?" Nikasema, "Niliruka." Sikupanga kusema hivyo. Lilitoka tu, na Baba akaanza kulia, nikaona nimefanya vizuri.

Tangu hapo imebaki hivyo. Mama akikasirika bado huniambia, "Ungekaa kwenye tela kama ulivyoambiwa." Namwachia. Wageni wakiuliza, Baba husema, "Alikuwa mtundu," halafu hakai sana. Pawatila ile hajaigusa tena. Huazima ya jirani kwa kumlipa mtu aiendeshe.

Sasa tunajua wawili. Tafadhali isizidi wawili.

Dasol

---

Daejeon, 2 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Nimemaliza. Jopo limenipitisha, tasnifu imechapwa, jalada gumu la buluu na herufi za dhahabu. Nimetuma nakala nne nyumbani: moja ya familia, moja ya Mjomba, moja ya mchungaji, moja ya Mwalimu Tak aliyenifundisha kabla yako. Kila moja nimeiandikia neno la shukrani kwa mkono kwenye ukurasa wa mwanzo, kama desturi.

Waambie wasijisumbue. Tasnifu watu huifungua nyuma, kwenye ukurasa wa shukrani, wakatafuta majina yao, basi. Baada ya hapo inakuwa kitu cha kuwekea sufuria ya tambi ya moto. Wenzangu wote wanasema zao zina alama ya duara la sufuria kwenye jalada.

Samahani kwa ukimya wa miezi hii. Barua zako nilizisoma zote. Mahafali ni tarehe ishirini. Njoo umevaa mguu. Nataka tupige picha.

Miryeong

---

Naju, 9 Februari

Dada Miryeong,

Baridi kali, maji ya bomba la nje yameganda.

Vitabu vimefika. Mjomba alikipima chake mkononi akasema, "Kizito. Binti amesoma kweli." Akafungua nyuma, akaona jina lake, akakifunga. Mama naye alisoma shukrani mara mbili, na pale ulipoandika "kwa mdogo wangu Dasol, aliyenifundisha kutembea" alinisomea kwa sauti, nami nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Lakini dada, ulikosea kuhusu sufuria. Baba anasoma. Alianza usiku uleule, ukurasa wa kwanza. Kurasa tatu kila baada ya chakula cha jioni, akiwa na miwani na penseli. Maneno asiyoyajua anayaandika nyuma ya kalenda ya chama cha wakulima, halafu ananiuliza mimi. Jana aliniuliza, "Utengamao ni nini hasa?" Nikamwambia ni kumsaidia mtu arudi kwenye maisha yake. Akafikiri. "Kumbe dada yako ni fundi wa watu. Mimi nilidhani anatengeneza vyuma." Yuko ukurasa wa kumi na tano.

Ili nisikwame akiniuliza, nimeamua kusoma mbele yake. Nakionea fahari kitabu chako.

Dasol

---

Naju, 15 Februari

Kwa mwandishi wa tasnifu,

Leo sianzi na hali ya hewa.

Sura ya tatu inasema: "Washiriki wawili waliombwa kuandika barua kwa mkono bila kuelezwa lengo, ili maneno yao yasipambwe." Niliisoma sentensi hiyo nikiwa nimeshika ile kalamu niliyoinunua kwa ajili yako.

Ukurasa wa sitini na moja unasema: "Mshiriki wa Nne, msichana wa miaka kumi na tano kutoka shamba la mapeasi, amejenga simulizi ya uongo kuhusu ajali yake ili kumlinda baba ambaye ndiye mwenye kosa. Huenda hii ndiyo sababu ya kuuepuka mguu wa bandia mbele ya baba huyo." Chini yake kuna maneno yangu. Redio. Mara tatu. Benchi la ukutani. Yako ndani ya alama za kunukuu kama maneno ya mtu aliyekufa.

Huku kwetu shamba la mapeasi lenye msichana wa mguu mmoja ni moja. Hukuandika jina, lakini uliandika kila kitu kingine.

Inasema pia ridhaa ya mzazi ilipatikana. Nimemuuliza Mama. Amesema, "Karatasi gani? Ile siku ya kimchi? Mikono yangu ilikuwa pilipili mpaka viwiko. Dada yako alisema ni mambo ya ufadhili. Nikamwambia mhuri wangu wa sahihi uko droo ya juu, apige mwenyewe." Ilikuwa mwishoni mwa Novemba. Barua yako ya kwanza ni ya tarehe nne Desemba. Hiyo ndiyo barua uliyosema huniulizi kwa ajili ya masomo.

Baba yuko ukurasa wa thelathini na tatu. Nimepiga hesabu. Tukitoa siku ya mahafali, atafika tarehe ishirini na tano.

Niambie nifanye nini.

Mshiriki wa Nne

---

Daejeon, 18 Februari

Dasol,

Nimekupigia mara saba. Pokea simu.

Nisikilize kwanza. Msimamizi wangu alisema sura ya nne haina uhai. Alisema, "Una namba nyingi, mtu yuko wapi?" Nilikuwa nimebakiwa na wiki tatu. Nilikuwa na boksi la viatu. Wewe unaandika vizuri kuliko watu wazima wote niliowahoji, na mmoja wa jopo alifuta machozi alipofika pale. Kwa ajili ya ukurasa ule huenda kliniki zikaanza kuuliza watoto mambo ambayo hawaulizwi. Hilo si jambo dogo.

Nilidhani nyumbani hakuna atakayesoma zaidi ya ukurasa wa shukrani. Nani anasoma tasnifu? Hata jopo husoma kwa kuruka.

Nakala za maktaba siwezi kuzirudisha. Hiyo ya nyumbani, kata karatasi hiyo. Kata karibu kabisa na mshono. Baba hatajua. Macho yake yanachoka, ataendelea tu.

Njoo kwenye mahafali. Tutaongea.

Miryeong

---

Naju, 22 Februari

Dada,

Mama na Baba wamerudi. Wamenionyesha picha. Umemvisha Baba joho na kofia yako, na kofia imemkalia upande. Anaonekana kama mtu aliyeshinda kitu. Mama alikuambia nina mafua. Sikuwa na mafua.

Karatasi nimeikata leo mchana walipokuwa wanapogoa miti. Nimetumia wembe wa kufungulia mifuko ya mapeasi, na rula. Niliponyanyua mkono nikagundua kwamba sasa na mimi namficha Baba kitu kingine juu ya kile cha kwanza, na safari hii si kwa kumhurumia, ni kwa kukufunika wewe.

Umesema mtu mmoja alifuta machozi. Mimi sikukuandikia ili mtu huyo alie.

Nirudishie barua zangu. Zote ishirini na tisa.

Baba yuko ukurasa wa hamsini na moja.

Dasol

---

Naju, 27 Februari

Mwanangu Miryeong,

Tumemaliza kupogoa upande wa mashariki. Mama yako ni mzima, bado anaonyesha watu picha ya kofia.

Nakuandikia kuhusu kitabu chako. Nimekisoma vizuri mpaka ukurasa wa sitini. Mengi sikuyaelewa, lakini pale ulipoeleza jinsi ngozi ya kigutu inavyobadilika asubuhi na jioni nilielewa, na niliona aibu kwamba nimeishi na mtoto huyu miaka sita sijawahi kumuuliza.

Baada ya sitini inakuja sitini na tatu. Kwanza nilidhani ni wachapaji. Nikavaa miwani ya pili nikatazama kwenye mshono. Kuna kipande kimebaki, chembamba kama uzi, kimenyooka toka juu mpaka chini. Mama yako akikata kitu ni kama anakatakata vitunguu. Nyumba hii anayekata hivyo ni mmoja.

Kwa hiyo najua kuna jambo la Dasol hapo, na hataki nilione. Ninaweza kwenda kwa mchungaji nikaazima chake, hakijafunguliwa. Sijaenda.

Kitabu ni chako, kwa hiyo nakuuliza wewe kwanza, nawe umuulize yeye: ninaruhusiwa kusoma? Akisema hapana, nitaendelea kutoka sitini na tatu na hatutalizungumza tena.

Baba yako

---

Daejeon, 3 Machi

Dasol,

Ndani ya boksi hili kuna barua ya Baba na barua zako ishirini na tisa. Utaona nimezichorachora kwa kalamu za rangi. Ningeweza kuzifuta rangi lakini zingechanika, na nimechoka kuficha.

Barua ya Baba imenifikia juzi. Nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyosoma tasnifu yangu mwenyewe. Mtu aliyeishia darasa la tisa ameuliza swali ambalo mimi, mwenye shahada mbili na kozi nzima ya maadili ya utafiti, sikuliuliza.

Nilipokuandikia "sikuulizi kwa ajili ya masomo," fomu ilikuwa tayari imepigwa mhuri, na mkono ulioupiga ni wangu. Hakuna namna nyingine ya kulisema.

Sasa nakuuliza. Baba anaruhusiwa kusoma ukurasa wa sitini na moja?

Miryeong

---

Naju, 9 Machi

Dada Miryeong,

Matawi ya mapeasi yameanza kutoa vichwa vidogo vya kahawia. Ni mapema, Baba anaogopa baridi ya kurudi.

Boksi limefika. Kwenye barua ya kwanza uliandika maana ya rangi zako kwa herufi ndogo: njano maumivu, kijani familia, waridi aibu. Nimekaa sakafuni nikazipitia zote. Ndoto yangu ya kukimbia, ile ya kopo, kopo, kopo, umeipaka waridi. Haikuwa aibu, dada. Ilikuwa furaha. Nilikuwa nimekuandikia kwamba nilicheka. Ungeuliza ningekuambia, na tasnifu yako ingekuwa sahihi zaidi.

Umeniuliza kuhusu Baba. Ni mara ya kwanza kuniuliza kitu na kusubiri jibu, kwa hiyo nakujibu kamili.

Ukurasa sikumpa. Maneno yaliyo pale juu ni yako, na yaliyo chini ni yangu lakini yamekaa kwako muda mrefu mno. Jumapili nilivaa mguu. Nikatembea mpaka mbele ya ghala alipokuwa anapanga kreti, na mguu ukalia kama kawaida. Aliusikia. Aligeuka, ila safari hii hapakuwa na nje ya kwenda, tulikuwa tayari nje.

Nikasema, "Baba, siku ile sikuruka."

Akaendelea kushika kreti. Akasema, "Kaa kwanza, mguu wako."

Nikasema, "Naweza kusimama." Nikamweleza yote, kuanzia mapeasi yaliyoanguka. Nilipofika kwenye redio alifumba macho. Aliniuliza jambo moja tu.

"Uliita mara ngapi?"

"Mara tatu."

Aliweka kreti chini. Halafu akasema, "Mimi nilisikia moja. Nilidhani unacheza."

Miaka sita, dada. Yeye alikuwa na moja yake, mimi nina tatu zangu, na tulikuwa tunakula meza moja. Hakulia. Aliniambia, "Usiseme tena uliruka. Mtu yeyote akiuliza, mlete kwangu." Kisha akamwita Mama, akamwambia hapohapo, mbele yangu. Mama hajanisemesha vizuri mpaka leo, lakini naona ni kwa sababu hajui aanzie wapi. Jana aliniwekea sahani ya mayai peke yangu.

Shule mpya niliyoanza wiki iliyopita ni nzuri. Sketi ni fupi na mguu unaonekana. Msichana wa dawati la pembeni aliniuliza siku ya kwanza, "Huo unauchaji usiku?" Nikamwambia ndiyo, pamoja na simu. Aliamini mpaka chakula cha mchana.

Karatasi ya sitini na moja naituma ndani ya bahasha hii. Ni yako. Barua zinabaki kwangu. Baba ameendelea kutoka sitini na tatu, na anataka kujua "mgandamizo wa tishu" maana yake nini. Nimemwambia akuulize mwenyewe.

Bado nimekukasirikia. Sijui itaisha lini, na sitaki kukuandikia kwamba imeisha wakati haijaisha. Sitaandika kwa mkono tena kwa sasa. Ukitaka kujua natembeaje, maua yatachanua katikati ya Aprili na tunapungukiwa mtu wa kupaka chavua. Njoo uangalie. Usije na daftari.

Pyo Dasol